Naomba ushauri: ofisi ya utalii Moshi inunue seva mpya au ihamie kwenye wingu?

Mlima Mweupe (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni meneja wa ofisi katika kampuni inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Makao yetu yapo Moshi, si mbali na Double Road, na tuna tawi dogo Arusha linaloshughulikia safari za mbugani. Kumbukumbu zetu zote, yaani hesabu, nafasi zilizowekwa na wageni, nakala za pasipoti na fomu za afya ambazo kila mpandaji huzijaza, zimo ndani ya seva moja, yaani kompyuta kuu ya ofisi, iliyowekwa stoo pamoja na UPS yake (betri ya kuishikilia umeme ukikatika) na feni inayozunguka usiku na mchana. Fundi wetu ametuarifu kwamba diski moja kati ya mbili imeanza kuonyesha dalili za kufa, na ameleta makadirio ya kununua seva mpya. Wakati huohuo kijana wa mauzo kutoka kampuni moja ya Dar es Salaam anatushawishi tuachane kabisa na mashine za ofisini, tuhamishie kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni nyingine tunazozifikia kwa intaneti, na tulipie kwa mwezi.

Mkurugenzi wetu ana swali moja tu: data zikikaa kwa watu wengine, siku tukitofautiana nao tutazipataje? Mimi shida yangu ni nyingine. Tawi la Arusha hulazimika kupiga simu Moshi kila linapotaka kujua nani yuko huru tarehe fulani, na imetokea zaidi ya mara moja kundi la njia ya Machame na kundi la njia ya Marangu kupangiwa mpishi yuleyule. Naomba wenye uzoefu wanisaidie kuhusu gharama, uhakika wa intaneti ya huku kwetu, usalama na sheria, kwa sababu msimu wa Julai ukishaanza hatutapata tena nafasi ya kuhamisha chochote.

Hesabu za Njiro

Ndugu, nitaongelea fedha tu, mengine nawaachia mafundi. Seva ni mali ya kudumu: mnatoa fedha nyingi kwa mkupuo, kisha mnaipunguzia thamani vitabuni mwaka hadi mwaka. Wingu ni matumizi ya kila mwezi kama pango la ofisi. Kwa biashara yenye mapato ya kupanda na kushuka, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana Aprili na Mei masika ikikolea wageni hupungua sana lakini bili ya wingu haijui masika. Huduma nyingi hutozwa kwa kichwa, kwa hiyo angalieni aina ya mkataba: wafanyakazi wa kudumu wakatieni wa mwaka, ambao kwa kawaida huwa nafuu, na wale mnaowaajiri wakati wa msimu wakatieni wa mwezi kwa mwezi ili muweze kuwaondoa.

Jambo la pili ni dola. Watoa huduma wakubwa hupanga bei zao kwa dola, na sote tunakumbuka kwamba mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kwenye shilingi 2,300 na kitu, na kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Bili haikuongezwa hata senti moja huko ilikotoka, lakini aliyekuwa anauza kwa shilingi aliiona imepanda. Nyinyi mnaolipwa na wageni kwa dola mna kinga ambayo mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kaloleni hana.

Mnapolinganisha, msilinganishe bei ya seva na bili ya mwezi mmoja. Kwenye seva ongezeni umeme, betri za UPS, diski za akiba na posho ya fundi kwa miaka yote mtakayoitumia; kwenye wingu ongezeni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na gharama ya laini ya pili ya intaneti, kwa sababu hamtaweza kuishi na moja. Kumbukeni pia kwamba sheria ya usimamizi wa kodi inataka nyaraka zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5, hivyo hata mkibadili mtoa huduma, hesabu za nyuma lazima mzibebe.

Mzee Kihamba

Mimi kwa maoni yangu nunueni seva mpya mlale usingizi. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la OVHcloud, kampuni ya huduma za wingu, kule Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wapo wateja waliopoteza kila kitu. Ikiwa Ufaransa yenye zimamoto wa kila aina imeshindwa, wewe wa Moshi utamlilia nani? Seva iliyo stoo unaiona kwa macho na ufunguo unao mwenyewe.

Fundi wa Sakina

Mzee Kihamba, shikamoo. Habari ya Strasbourg ni ya kweli, ila tuimalizie: waliopoteza ni wale waliokuwa na nakala moja tu, au nakala ya akiba iliyokuwa ndani ya eneo lilelile lililoungua. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper ulifutiwa huduma zake zilizokuwa Google Cloud, wingu la kampuni ya Google, kutokana na kosa la upangaji wa mfumo upande wa mtoa huduma, na jambo mojawapo lililosaidia kuurudisha ni nakala za akiba zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine. Stoo ya Moshi nayo inaweza kuungua, kuibiwa au kuvujiwa na paa, tena yenyewe haina jengo la pili. Kwa hiyo hoja yako inahusu nakala ya akiba, na hoja hiyo inambana mwenye seva kama inavyombana mwenye wingu.

Sasa nimjibu mwanzisha uzi kuhusu intaneti, ambako ndiko kwenye kazi kubwa. Watoa huduma wakubwa hawana vituo vyao vya seva hapa Tanzania. Vilivyo karibu viko Afrika Kusini. Microsoft ilifungua vyake mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikaja Johannesburg mwaka 2024. Maana yake kila mnapofungua faili, ombi lenu linasafiri kwa faiba hadi nje ya nchi na kurudi. Kwa baruapepe, kalenda na nyaraka hamtahisi chochote. Ila tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na kwa siku kadhaa intaneti ilikuwa ya kusuasua hata kwa wenye bando kubwa. Siku kama hizo, ofisi iliyoweka kila kitu nje husimama.

Ndiyo maana siwashauri wateja wangu waulize kama wahamie au wasihamie; nawaambia waorodheshe kazi zisizoweza kusubiri. Jaribio lake ni rahisi na halina gharama. Jumamosi moja wageni wakiwa wachache, chomoeni waya wa intaneti kwenye ruta asubuhi, muuache hivyo hadi saa sita mchana, na kila mfanyakazi aandike alichokwama nacho na alichoendelea nacho. Nawahakikishia mtashangaa, kwa sababu tayari mnategemea intaneti kuliko mnavyofikiri: baruapepe za wageni, malipo ya kadi na malipo ya kuingia hifadhini yanayofanyika kwa namba ya malipo ya serikali. Mkishaiona orodha hiyo, mtajua ni nini cha kuacha ofisini. Mara nyingi huwa ni kidogo sana: orodha ya makundi yaliyoko mlimani, simu za waongozaji, simu za ndugu wa wageni na fomu za afya za walio juu wakati huo. Hivyo vitunzwe pia kwenye kompyuta moja ya ofisi na vihuishwe kila jioni, ili simu ya dharura ikiingia usiku mtandao ukiwa chini, aliye zamu asikwame.

Kuhusu laini ya pili: isiwe ya kampuni ileile ya kwanza, na ikiwezekana isipite njia ileile. Faiba mbili zilizofungwa kwenye nguzo moja zitakatwa na lori moja. Na ruta ziwe na betri yake, la sivyo umeme ukikatika mtakuwa na data salama Johannesburg na giza Moshi.

Dada wa Usa River

Habari kaka. Sisi tuna kampuni ya safari, na tulihamia taratibu kwa kuanza na baruapepe na kalenda. Faida niliyoiona mapema ni ile unayoililia: ofisi zote mbili zinaangalia kalenda moja, na mtu wa Arusha akimpangia mpishi tarehe, wa Moshi anaiona palepale. Mwongozaji akiwa Londorosi, lango la kuingilia mlimani, hufungua orodha ya kundi lake kwa simu kabla mtandao haujapotea, na mabadiliko ya mlo wa mgeni asiyekula nyama humfikia bila mtu kumtafuta kwa simu za hapa na pale.

Changamoto iliyotusumbua ilikuwa programu ya hesabu. Programu nyingi za zamani zimetengenezwa kwa ajili ya mtandao wa ndani ya ofisi, na faili lake hufunguliwa na watu kadhaa kwa pamoja. Usikubali mtu akuambie ulitupie faili hilo kwenye folda inayojisawazisha mtandaoni na kazi imekwisha. Watu wawili wakiandika kwa wakati mmoja, mfumo huzalisha nakala mbili zinazopingana au faili huharibika kabisa, na mhasibu anabaki na salio ambalo hakuna anayeweza kulieleza. Ama mnunue programu ya hesabu iliyoundwa kwa ajili ya wingu, ama hesabu zibaki ofisini hadi mwaka wa fedha uishe ndipo muanze upya na salio la kufungulia. Sisi tulichagua la pili na halikutusumbua.

Halafu kuna watu. Mfanyakazi mliyemzoesha folda za stoo kwa miaka mingi ataendelea kujitumia mafaili kwa WhatsApp hata baada ya kuhama, na pasipoti za wageni zitaishia kwenye simu za watu. Tengeni muda wa kuwafundisha, na meneja ndiye awe wa kwanza kukataa kupokea faili la WhatsApp.

Wakili Mdogo

Naongezea hapo kwenye pasipoti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuzipeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Kwa kuwa seva za wingu zitakuwa Afrika Kusini au Ulaya, hilo ndilo mlishughulikie kabla ya kuhamisha fomu hizo. Mkiwalenga kibiashara wageni walio katika Umoja wa Ulaya, sheria yao ya data inayotumika tangu Mei 2018 inaweza kuwagusa pia.

Swali la mkurugenzi wako ni zuri kuliko yote uliyoandika. Jibu lake liwe ndani ya mkataba: data ni mali ya nani, zinakaa nchi gani, mkiondoka mnapewa kwa muundo gani, ndani ya siku ngapi na kwa gharama ipi, na lini nakala zilizobaki zitafutwa. Kijana wa mauzo akisema hayo mtayazungumza baadaye, msitie saini.

Mlima Mweupe

Nawashukuru sana wote, na Mzee Kihamba shikamoo. Nimezungumza na mkurugenzi, na tumekubaliana baruapepe, kalenda na nyaraka za wageni ziende kwenye wingu kabla ya Juni, lakini fomu za afya zisubiri usajili wa Tume na hesabu zibaki ofisini hadi Desemba. Limebaki moja: yule kijana anasema atatufungulia akaunti kwa jina la kampuni yake ili "kurahisisha mambo", na malipo yatoke kwenye kadi ya mkurugenzi. Je, ni sawa? Na seva ya zamani tuifanyeje?

Fundi wa Sakina

Kwenye akaunti, hapana. Ifunguliwe kwa kikoa (anwani ya mtandaoni) cha kampuni yenu, na wasimamizi wakuu wawe wawili kutoka kwenu, kila mmoja akiwa na uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na msimbo unaotumwa kwa simu. Yeye mpeni ruhusa ya kufanya kazi tu, ambayo mnaweza kuiondoa jioni ileile mkitaka. Namba ya simu ya kupokea misimbo isiwe laini binafsi ya mtu anayeweza kuhama kazi nayo. Kadi iwe ya kampuni, na mhasibu aandike kwenye kalenda mwezi inapoisha muda wake, kwa sababu malipo yakigoma huduma husitishwa, na baada ya muda data huweza kufutwa.

Seva ya zamani msiiuze sasa. Badilisheni diski mbovu, muitumie kupokea nakala ya kila kilicho kwenye wingu mara moja kwa siku, na kila robo mwaka mjaribu kurejesha folda moja kutoka humo ili mjue kama inasomeka. Ikifika siku ya kuiuza, diski zitolewe na kuharibiwa mbele yenu, kwa maana kufuta mafaili peke yake hakuziondoi pasipoti zilizomo.

Mzee Kihamba

Marahaba wote. Kama seva inabaki stoo, mimi sina neno.