Binti ameitwa chuo kikuu kusomea baiolojia: ashike au ahame?

Mama Nuru, Malindi
Assalaam alaykum jamaa. Binti yetu amepata nafasi ya shahada ya sayansi, baiolojia tupu. KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ana B: baiolojia B+, kemia B-, hisabati C+. Alitaka maabara ya hospitali lakini pointi za klasta, yaani alama za masomo yanayotakiwa na kozi hiyo, hazikufika. Babake asema ataishia kukaa barazani na cheti mkononi. Dirisha la kuhama kozi li wazi bado. Naomba wanaojua: shahada hii yampeleka mtoto wapi, na akiishika aanze na nini?

Maabara_Kilifi
Waalaykum salaam Mama Nuru. Nianze na hospitali, maana hilo huwaumiza watoto wakiwa mwaka wa nne, maji yameshamwagika. Kupima damu ya mgonjwa ni kazi ya leseni. Bodi ya wanamaabara husajili waliosomea sayansi ya maabara ya matibabu, tena kwenye kozi iliyoidhinishwa. Baiolojia tupu haimo, hata apate daraja la kwanza. Ikiwa moyo wake uko hospitalini, ahame sasa ikiwa kuna chuo kinachomkubali kwa pointi zake, au aingie diploma ya fani hiyo KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kisha apande taratibu hadi shahada. Mimi siioni diploma kuwa ni kushuka. Udaktari nao si ngazi inayofuata baada ya baiolojia. Mwenye shahada akikubaliwa kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza kama mtoto wa kidato cha nne.

Maabara ya utafiti ni mlango mwingine. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, ya Kilifi ipo tangu 1989, na chanjo za malaria RTS,S na R21 zilijaribiwa huko pia. Kazi hizo hazitaki leseni ya hospitali, zataka mkono. Mfano ni mikropipeti, chombo cha kuvuta maji kidogo sana kwa kipimo. Kitufe chake kina vituo viwili. Bonyeza hadi cha kwanza, tia ncha majini, achia polepole. Kituo cha pili ni cha kusukuma tone la mwisho wakati wa kutoa. Anayevuta akiwa amebonyeza hadi cha pili huchota kupita kiasi, na kwa mikrolita 2 jicho halioni kosa. Jibu huja bovu na hajui limeharibikia wapi. Au jeli ya agarosi ya kutenganisha DNA kwa umeme: gramu 1 kwa mililita 100 za bafa, yaani maji yenye chumvi maalumu. Akiyeyusha kwa maji matupu, chumvi za kupitisha umeme zinakosekana ndani ya jeli, na DNA haitembei inavyotakiwa. Kila siku ya maabara chuoni ashike chombo mwenyewe, asiwe mwandishi wa kundi.

Mwalimu_wa_Shela
Dada, usisahau ualimu. TSC, tume ya walimu, yataka wastani wa C+ na C+ katika masomo mawili ya kufundisha. Kwa baiolojia na kemia mtoto wako amepita. Kwa kuwa hasomei elimu, baada ya shahada ataongeza stashahada ya uzamili katika elimu. Mtego uko hapa: wengi huchukua kemia mwaka wa kwanza tu, halafu wanaiacha. Miaka minne baadaye somo la pili halina yuniti za kutosha na maombi yanarudishwa. Aamue kabla ya mwaka wa pili, achague yuniti za kemia kila muhula.

Hori_ya_Mida
Mama Nuru, wapwani twasahau kuwa maabara kubwa iko mlangoni. Msitu wa Arabuko-Sokoke, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, na mikoko ya Lamu, ambayo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. KWS ya wanyamapori, KMFRI ya utafiti wa bahari, miradi ya kaboni (inayolipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti) na mashirika ya kasa hutafuta mtu anayejua kupima, si anayependa wanyama tu.

Kupima mikoko, kwa mfano. Unapiga mraba wa mita 10 kwa 10 kwa kamba, kila mti waandikwa jina na mzingo wa shina kwenye kimo cha mita 1.3. Lakini mkoko wenye mizizi ya magongo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Asiyejua hupima mizizi, na hesabu ya kaboni yote yaharibika. Siku zapangwa kwa bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji yakipwa sana. Ukija maji mafu utapata saa chache mno.

Kupanda vilevile. Kila aina ina mahali pake: mlilana husimama mbele baharini, mkoko ule wa magongo nyuma yake, mkandaa juu zaidi. Watu huchomeka mkoko huo popote palipo wazi, hata kwenye eneo la mlilana. Mawimbi yang'oa, mchanga wafukia, na ndani ya mwaka hakuna kitu.

Ripoti za athari kwa mazingira nazo zina ajira, ila lazima asomee tathmini hiyo na aandikishwe na NEMA, mamlaka ya mazingira.

Mama Nuru, Malindi
Nimeshukuru sana. Nimemsomea yote, asema bahari yamvuta kuliko hospitali. Kompyuta je? Na mafunzo ya kazini wakati wa likizo yaombwa lini?

Hori_ya_Mida
Alhamdulillahi. Ajifunze programu ya R kwa takwimu na QGIS kwa ramani. Zote mbili ni za bure. Aanze mwaka wa pili, atumie data za mazoezi yake mwenyewe.

Maabara_Kilifi
Kama likizo yake ndefu ni Mei hadi Agosti, barua zitoke Januari. Aambatanishe barua ya chuo, matokeo ya mihula, nakala ya kitambulisho, uthibitisho wa bima na wasifu wa ukurasa mmoja. Bima ndiyo hukwamisha wengi, kwa hiyo aiulizie idarani mapema. Na asiandike "nafasi yoyote". Aandike anachoweza: kupima mikoko, kuhesabu chembe kwa hadubini, kusafisha data.