Nani atamgeuza Bibi usiku

Baba Mdogo: Assalaam alaykum ndugu zangu. Bibi ameruhusiwa kutoka wodini jana alasiri, akiwa na mpira wa mkojo na upande wa kulia uliopooza. Ninapendekeza tumwongezee Zuhura, binti anayetusaidia kazi za nyumbani, shilingi 30,000 kwa mwezi ili amuuguze, kwa kuwa wameshazoeana.

Mama Salma: Wa alaykum salaam, shikamoo Baba Mdogo. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 14, na naomba niseme wazi kwamba mpango huo utawaumiza wote wawili. Mpira wa mkojo hubadilishwa na muuguzi mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Zuhura anaweza kufundishwa kumwaga mkojo, kuhakikisha mfuko unakaa chini ya usawa wa kibofu ili mkojo usirudi ndani, na kumgeuza Bibi kila baada ya saa mbili. Lakini kugeuza mgonjwa mchana na usiku ni ajira kamili, na anayeifanya hawezi tena kupika, kufua na kupeleka watoto shule.

Shangazi: Babu alipougua, sisi sote tulidhani kuna mtu mwingine anayemgeuza. Siku niliyobadilisha shuka nilikuta kidonda kipana kama kiganja changu, chini ya kiuno. Sitaki kukiona tena katika familia hii.

Baba Mdogo: Nimekuelewa, dada. Je, yule mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita mtaani hawezi kutusaidia?

Mama Salma: Atasaidia kwa sehemu yake. Wahudumu wa mpango uliozinduliwa Januari 2024 husomeshwa miezi sita, lakini kila mmoja ana kaya nyingi: hutoa elimu, hutambua dalili za hatari na kuandika rufaa, wala si wa kukaa na mgonjwa mmoja. Ninayemsisitiza zaidi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na aanze wiki hii, kwa sababu mkono uliopooza ukiachwa bila kunyooshwa hukakamaa, na huo ndio mkono anaotumia Bibi kula chakula. Gharama zikitushinda, twende kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye ndiye anayepima hali ya familia kabla ya msamaha wa malipo. Halafu, Baba Mdogo, kuna mtu aliyemwuliza Zuhura mwenyewe?

Baba Mdogo: Nimetoka kumwuliza sasa hivi. Amesema angependa kujifunza kumuuguza Bibi, ila tutafute mtu mwingine wa jikoni, na usiku tupokezane naye ili apate kulala. Nimekubali, na mshahara tutaupanga upya kama wa kazi mpya.

Shangazi: Zamu ya usiku ya Jumamosi na Jumapili ni yangu.

Mama Salma: Nitafika Ijumaa kwa basi la asubuhi ili nimfundishe Zuhura. Hadi hapo, tafadhali wekeni mto chini ya mashavu ya miguu ya Bibi, visigino vyake visiguse godoro.