Dar ya ukumbini na Dar ya geti: mtaa wenu umebadilikaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Uzi huu nimeuanzisha kwa aibu. Huku Goba naishi mwaka wa tisa sasa. Jirani yangu wa ukuta mmoja kafiwa na mkewe mwezi uliopita, mimi nimejua siku ya tatu, nilipoona viti vya kukodi vinapakiwa kwenye kirikuu. Kilio nilikisikia usiku ule. Nikadhani ni filamu.

Na mimi ni mtoto wa Magomeni! Nyumba yetu ilikuwa ile ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na bafu uani, familia sita za makabila sita. Mwaka 1988 nilichapwa makofi na mama wa chumba cha nne kwa kumpita mzee bila shikamoo. Nikaenda kushitaki kwa mama, mama akaniongeza mengine. Leo ukimkanya mtoto wa jirani unaulizwa, "Umemzaa wewe?" Haya, fungukeni.

Mjukuu wa Mtaa wa Sikukuu: Mkuu, sisi Kariakoo hatukuhama, ila mtaa ndio uliotuhama. Nyumba ya babu ilivunjwa, akaja mwenye pesa akajenga ghorofa kwa ubia, tukapewa fleti moja na fremu moja chini. Hela ya fremu tunaila, sitakuwa mnafiki. Lakini pale barazani wazee walikuwa wanacheza bao na kusikiliza Simba na Yanga kwenye RTD, redio moja watu ishirini. Sasa pamejaa makava ya simu. Bibi yuko ghorofa ya nne, lifti ikigoma hashuki. Zamani alikuwa anakaa tu na ungo wake wa mchele, habari zote za mtaa anazo. Siku hizi anatuuliza sisi nani kafiwa, nani kaolewa. Tunabaki kutazamana.

Mama Mmoja: Samahanini kaka zangu, naona wanaoililia Dar ya zamani hapa wote ni wanaume. Mwaka 1996 nilikuwa na kazi, mtoto mmoja, mume sina. Nikatafuta chumba Mwananyamala, nikatafuta Sinza. Swali la kwanza kila nyumba: "Mumeo yuko wapi?" Mwishowe nikamwomba kaka yangu aje ajifanye mume, nikapata. Mwezi wa pili mama mwenye nyumba akagundua. Alinitangaza uani mbele ya wapangaji wote, ndoo ya maji bado iko kichwani, na notisi juu. Binti yangu leo kapanga peke yake Kinyerezi. Dalali alimuuliza kitu kimoja tu: kodi ya miezi sita anayo? Macho hayohayo yaliyomwona mtoa mada hajasalimia ndiyo yaliyokuwa yanachungulia nani katoka chumbani kwangu alfajiri. Mkiyataka yarudi, chukueni yote.

Mzee wa Kibuyu: Mama kasema. Mmesahau na foleni za sabuni na sukari mwanzoni mwa miaka ya themanini. Balozi wa nyumba kumi alikuwa anajua hadi mboga yako ya jana.

Konda Mstaafu: Nilipiga debe kisha nikawa konda Kariakoo–Ubungo kuanzia 1991. Vijana, hilo jina daladala wazee wanasema lilitokana na nauli ya shilingi tano, sarafu yake ikiitwa dala. Kwenye zile Hiace abiria wa nyuma anatoa noti, inapita mikono sita, chenji inarudi kamili. Mabishano ya mpira yanaanza Fire yanaishia Manzese, na hakuna anayemjua mwenzake. Tangu mwendokasi ianze 2016 nimepanda mara nyingi, kila mtu na waya masikioni. Ila msitusifie sana. Wanafunzi tuliwatesa, tuliwaacha vituoni kwenye mvua kwa sababu ya nauli yao ndogo. Nina mjukuu anayesoma, najuta.

Fundi Bomba: Mimi nasema siyo roho mbaya. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 mkoani, ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Hao milioni moja wakae wapi kama siyo Goba, Chanika, Mbezi huko? Kila mmoja kanunua kiwanja, kachimba kisima, kafunga luku yake. Uani kwetu Tandika tuligombana kuhusu bili ya umeme kila mwezi, lakini kugombana nako ni kujuana. Mtu mwenye choo chake na maji yake atakugongea mlango akuombe nini?

Mtoa mada: Fundi, umenigusa. Mama Mmoja, nimekusoma mara mbili na sina jibu. Jana jioni nimekwenda kumpa jirani pole yangu iliyochelewa. Nimegonga geti, mlinzi kaniuliza kama nina miadi. Nikamwambia mimi ni wa hapa, ukuta wa pili. Kaniangalia juu mpaka chini, kasema, "Subiri kwanza nipige simu ndani." Jina la mwenyeji wangu nimelisikia hapo, kwenye hiyo simu.

Wengine endeleeni, hasa wa Temeke, mmekaa kimya.