Makinda wa lavubedi wamenyonyolewa na mama yao, mmoja kifuko hakishuki. Msaada jamani

BintiKisauni
Habari za usiku wadau, samahani maelezo ni marefu. Mie niko Mombasa, nna peya ya lavubedi (kasuku wadogo), wale aina ya Fischer wa kichwa cha chungwa na mwili wa kijani. Walitaga mayai matano yakaangua manne, nikafurahi kama nimejifungua mie. Mambo yalikuwa sawa mpaka juzi nafungua kisanduku cha kutagia nakuta wale wakubwa migongo iko uchi kabisa, manyoya yaliyokuwa ndio yanachomoza yote yameng'olewa na pengine pana damu, kumbe ni mama mtu anawanyonyoa. Nikapagawa nikawatoa wote. Yule mdogo kabisa alikufa usiku uleule.

Sasa nna watatu, mkubwa ana siku 22, wako kwenye boksi la viatu na kipande cha leso na balbu kwa juu. Nawapa uji wa lishe na maziwa ya ng'ombe kwa sirinji kila saa mbili, usiku pia, sijalala siku ya pili hii. Tangu asubuhi huyu wa kati kile kifuko cha chakula hapa kooni kimejaa kama puto, ukikigusa kinatepeta, na mdomo unanuka kama uji uliolala. Lakini bado anapiga kelele na kutikisa kichwa anataka kula. Duka niliponunua peya wananambia mpe tu akishiba atanyamaza. Nimpe ama nisimpe??

MzeeWaTundu
Usimpe! Hiyo harufu ni kwamba chakula kimechacha ndani, ukimimina kingine juu yake unazidisha. Mpe maji ya uvuguvugu tu, mililita moja au mbili, halafu papasa kifuko taratiiibu kwa kidole uone kama kitaanza kushuka, usibonyeze, kikirudi juu kinaingia mapafuni na hapo kwaheri. Asubuhi kama bado kiko vilevile mpeleke kwa daktari wa mifugo, mara nyingi inakuwa fangasi na dawa yake ipo, ila usijipimie mwenyewe dozi kwa ndege wa gramu arobaini.

Na hayo maziwa dada yangu acha leo leo. Ndege hanyonyi, tumbo lake haliwezi sukari ya maziwa.

BintiKisauni
Mama ndio alinambia, ati walimlea kasuku hivyo 😭 Sawa nimeacha. Sasa niwape nini usiku huu, maduka yamefungwa.

Mmakunduchi_Muscat
Dada pole sana. Kwa usiku huu chukua uji wa mchele wa watoto ule usio na maziwa, changanya na kiini cha yai la kuchemsha, chuja usiwe na madonge, hiyo ni ya kuvukia tu, kesho tafuta unga wenyewe wa makinda wa kasuku. Huku Muscat unapatikana kirahisi, huko kwenu ulizia kwa wafugaji wenzio hata wakupimie kidogo.

Ila mie nadhani kilichokuponza zaidi ni joto. Joto la uji ulilipima kwa kitu gani? Kama ni kwa kidole basi hukupima. Unatakiwa kuwa kwenye nyuzi 40 mpaka 41 hivi, ukishuka chini ya 38 kifuko kinalala hakisukumi chakula, ukipanda zaidi ya 43 unakiunguza. Nilishaunguza mmoja mwenyewe, kinda wa kokateli (kasuku mdogo wa kishungi), nilipasha kwa maikrowevu, juu vuguvugu katikati moto, baada ya siku chache kifuko kikatoboka chakula kikawa kinamwagika kifuani. Sijasahau mpaka leo. Nunua themometa ya jikoni, weka kikombe cha uji ndani ya bakuli la maji moto, kilichobaki mwaga.

Boksi nalo pima, kwa umri huo wasio na manyoya kama 30 hivi, na balbu iwe upande mmoja tu ili anayeona joto asogee. Wakihema midomo wazi wamezidiwa, wakirundikana wanatetemeka wana baridi. Hiyo leso toa, kucha zinanasa na miguu inatanuka, weka tishu nyingi.

Na sirinji ingiza upande wa kushoto wa kinda ukielekeza kulia kwake, koo la chakula liko huko. Subiri aanze kutikisa kichwa ndio usukume, akiacha na wewe acha.

Chuga_Ndege
Naona wote mmekimbilia sirinji, mie nauliza baba yao yuko wapi? Lavubedi jike akishataka kutaga tena ndio huwa ananyonyoa waliopo, ni kama anawafukuza. Sisi tunamtoa JIKE tunamhamishia tundu lingine, dume anabaki na watoto, na wa umri huo analisha vizuri tu. Ile habari ya ukishika kinda mama anamkataa kwa harufu ya mkono ni hadithi. Wa kunyonyolewa warudishe kwa baba, ukae pembeni uangalie kama analisha, huyo mgonjwa ndio ubaki naye.

Watu wanapenda kulisha kwa mkono wakidhani ndege atakuwa mpole na ataongea. Lavubedi kuongea ni nadra sana. Upole unaupata hata kwa kumshika dakika kumi kila siku akiwa bado kwenye kisanduku.

(Halafu hao ndege kwao ni huku kwetu kaskazini mwa Tanzania, Serengeti wamejaa, wanaishi bure hawaombi uji wa mtu 😂)

KakaLikoni
Swali la pembeni, na kasuku wa kijivu mtu akitaka kuzalisha?

MzeeWaTundu
Huyo ana mambo mengine. Tangu Januari 2017 yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, ndio orodha yenye ulinzi mkali zaidi, na hapo Kenya bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, unakamatwa wewe na ndege wako. Na makinda wake wanakaa kisandukuni karibu wiki 12, si mchezo.

BintiKisauni
Mrejesho. Wa kati alishusha kidogo usiku, asubuhi nimempeleka kwa daktari, amemtoa uchafu akanipa dawa ya fangasi ya matone. Mkubwa na mdogo nimewarudisha, jike nimemtoa anapiga mayowe nyumba nzima, dume alizunguka kama nusu saa hajaingia, nikawa nishaanza kuchemsha maji, mara nasikia vile visauti vya kulishwa. Nimechungulia vifuko vimejaa.

Huyu wangu mizani ya jikoni inasema gramu 36. Nimpe kiasi gani na kila saa ngapi?

Mmakunduchi_Muscat
Alhamdulillah. Sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kwa hiyo mililita tatu na nusu, lakini kwa sasa anza na mbili mpaka kifuko kiwe kinashuka vizuri. Kila saa nne au tano, usilishe mpaka kimeshuka, na usiku kiache kiishe kabisa. Mpime kila asubuhi kabla hajala, andika. Saa tano ya usiku mpe ya mwisho halafu ulale.

BintiKisauni
Nilale? Kweli?

Mmakunduchi_Muscat
Lala mama. Mpaka saa kumi na moja.