Altezza RS200: oili ya stelingi nyekundu au ya kijani?

Wakuu, Toyota Altezza yangu ya 1999 stelingi inalia nikikata hadi mwisho, hasa asubuhi. Oili kwenye kopo imekuwa nyeusi. Fundi anataka kuweka ya kijani. Nikubali?

— Kataa, mkuu. Hiyo inatumia ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki), ya kiwango cha Dexron II au III, ile nyekundu. Ya kijani waachie wenye magari ya Kijerumani.

— Na usinyonye ya kwenye kopo tu, nyingine inabaki kwenye pampu na mipira. Piga jeki mbele, chomoa mpira wa kurudishia, uelekeze kwenye chupa, ziba tundu lake kwenye kopo. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani huku mwenzako akijaza, mpaka itoke safi.

— Kagua pia mpira wa kunyonyea. Mpira huo ukivuta hewa, pampu italia tu hata uweke oili ya peponi.