Mtoto hana subira, nimwanzishie bustani na mbegu gani?

mama_wawili: Habari zenu wadau. Nina wa miaka 4 na wa 6, mboga wanakula vizuri tu ila ukiwauliza zinatoka wapi wanakwambia kwenye friji 😂 Nataka niwaanzishie kabustani, nafasi yenyewe ni kibaraza na ndoo kuukuu. Shida ni huyu mdogo, akipanda leo kesho anafukua kuangalia. Nianze na nini?

kijanikibichi: Maharage dada, mbegu kubwa kidole cha mtoto kinaishika, karoti achana nazo kwanza mbegu kama vumbi na zinaweza kukaa wiki mbili tatu ndo zichipue, mtoto keshasahau. Loweka usiku mmoja, chukua glasi inayoonyesha, weka tishu iliyoloa pembeni, mbegu ibanwe kati ya tishu na glasi. Hapo hafukui kitu, siku chache tu anaona mzizi huo. Ukishatoka igeuze glasi ilale, mzizi utapinda wenyewe uelekee chini, wangu waliniuliza maswali mpaka nikakimbilia jikoni

baba_bustani: Glasi sawa lakini hapo anajifunza kuota tu, chakula bado. Mpe na figili kwenye ndoo, mwezi hivi anang'oa mwenyewe anakula. Toboa matundu chini ya ndoo maana hawa watoto wakipewa kopo la maji hawaachi, mbegu zinaoza. Afundishwe kuchomeka kidole, udongo ukiwa na unyevu hamwagilii. Na kila mtoto awe na ndoo yake, mche ukifa mwache auone umekufa, msije mkabadilisha usiku kwa siri kama wazazi wengine

zuhura_m: Jamani mbegu za dukani zenye rangi rangi, pinki sijui bluu, nyingi zimepakwa dawa, mtoto asishike kabisa. Na maharage mabichi asitafune yana sumu, ya kwenye glasi umhesabie. Mikono sabuni baada ya udongo.

mama_wawili: Weee, nilizonunua ni za pinki! Nachukua za jikoni basi. Sasa haya ya kwenye glasi nayahamishia kwenye ndoo?

kijanikibichi: Ndio, mzizi ukishakuwa na matawi, usisubiri mche urefuke sana. Wakati wa kuhamisha washike jani sio shina, shina likipondeka mche umekwisha, jani litaota lingine