Kikundi cha Familia: Gari la Mama

Dada Mkubwa: Ndugu zangu, tukubaliane leo kuhusu tangi la kunasa oili, yaani kopo la kuchuja oili kutoka kwenye mvuke unaotoka ndani ya injini. Jana nilifungua mpira unaoingia kwenye turbo, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini, nikaukuta umelowa oili ndani, na oili hiyo ndiyo inayoishia kwenye njia ya kuingizia hewa na kugeuka masizi juu ya valvu za kuingizia hewa. Injini hii hupuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo valvu hizo hazioshwi na chochote.

(Saa tatu baadaye)

Dada Mkubwa: Mmesoma nyote na mmenyamaza. Napendekeza tangi lenye vizuizi na wavu ndani, maana lililo tupu hupitisha mvuke ukiwa bado umebeba oili yake.

Binamu: Nina kopo la maziwa ya mtoto, mfuniko wake hata mimi umenishinda 😀

Kitindamimba: Lina kijiti cha kupimia oili? 😂

Dada Mkubwa: Tafadhali, wadogo zangu, valvu zinaharibika.

Kaka: Kwa nini tusifunge lile linalopumulia nje? Lina mipira michache.

Dada Mkubwa: Gari hili hupima hewa kwa sensa iliyo kabla ya turbo. Tukiacha tundu lolote linalovuta hewa isiyopita kwenye sensa, kompyuta itakosea kiasi cha petroli. Tangi liwe lililozibwa, lisilopumulia nje, mvuke urudi kwenye injini.

Kaka: Sawa, lakini mipira nichague mimi. Ule wa mara ile ulilainika kwa oili ukajibana, presha ikakosa pa kutokea, sili ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikasukumwa nje, nami nikabebeshwa lawama. Aliyeununua yumo humu.

Dada Mkubwa: Hilo lilikwisha, mdogo wangu.

Kaka: Lilikwisha kwenu.

Babu: Wajukuu zangu, pimeni kwanza mgandamizo wa silinda. Ringi za pistoni zikiwa zimechoka, gesi ya silinda hupenya kushuka chini, tangi litajaa upesi nanyi mtalisifu, kumbe ugonjwa uko chini, na presha ikizidi ndani ya injini oili ya turbo hushindwa kushuka, nayo turbo huanza kuvuja. Asiguse mtu klipu ya mpira hata moja kabla ya kipimo hicho. Na kuhusu ule mpira, kijana hakuwa na kosa. Nilikuwapo.

(Saa moja baadaye)

Dada Mkubwa: Shikamoo, Babu. Tumekusikia. Mdogo wangu, mipira chagua wewe, isiyolainika kwa oili na isiyo myembamba kuliko ya awali. Tupime Jumamosi, na ringi zikiwa nzima tutafunga tangi mbele, mbali na joto la turbo, mahali ambapo kulimwaga ni rahisi. Tutakachomwaga kisirudishwe kwenye injini, kwa kuwa huchanganyika na maji na petroli. Nani ana kipimo cha mgandamizo?

Kitindamimba: Kiko kwa Kaka.

Binamu: Klipu nitaleta mimi. Kaka, upo?

(Usiku)

Mama: Wanangu, Jumamosi ninasafiri na gari hilo.